Kozi ya haki jinai chini ya profesa aliyekuwa mwanajeshi na polisi

Kozi ya utangulizi wa haki jinai niliyoisoma jioni katika chuo kimoja cha Minnesota, Marekani, inafundishwa na profesa aliyeanzia katika polisi jeshi, akawa askari wa doria na baadaye mpelelezi, ndipo akarudi masomoni hadi shahada ya uzamivu. Njia hiyo si ngeni nchini humo: August Vollmer, aliyepigana Ufilipino akiwa mwanajeshi na kuongoza polisi wa Berkeley tangu 1905, naye aliishia kuwa profesa. Chuo kinaitangaza kozi kwa wasifu huo, na anayetaka kulipa ada ana haki ya kuuliza kama unamfaidi mwanafunzi au unapamba tangazo tu. Kwa maoni yangu unamfaidi, ila si katika kila kipindi.

Unafaa zaidi katika somo la matumizi ya nguvu. Profesa hutumia kesi ya Graham dhidi ya Connor ya 1989, inayomhusu mgonjwa wa kisukari aliyeingia dukani Charlotte kununua juisi ya machungwa, akakuta foleni ndefu, akatoka mbio. Askari alimtilia shaka na kulisimamisha gari alimokuwa, na hadi ilipothibitika kwamba dukani hakukuwa na uhalifu wowote, mgonjwa huyo alikwisha kuvunjika mguu mikononi mwa polisi. Kabla ya kuturuhusu kusoma hukumu, profesa alitutaka tuandike askari alijua nini katika kila hatua, kwa kuwa Mahakama ya Juu iliamua kwamba nguvu ipimwe kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwapo, si kwa yaliyojulikana baadaye. Aliisimamia kazi hiyo bila kujitapa, jambo ambalo kwa mtu wa historia yake sikulitarajia.

Somo la haki za mtuhumiwa nalo lilinufaika na miaka yake ya jeshini. Wengi tunajua kwamba kesi ya Miranda ya 1966 ndiyo iliyowalazimu polisi kumwonya mtuhumiwa kabla ya kumhoji akiwa kizuizini, lakini yeye alianza na sheria ya kijeshi ya 1950, ambayo kifungu chake cha 31 kilikwisha kuagiza kwamba mwanajeshi anayeshukiwa aelezwe tuhuma na haki yake ya kukaa kimya. Waliodai kwamba onyo lingeua upelelezi walikuwa na jeshi zima la kulitazama.

Zoezi la kuandika ripoti ndilo lililonifundisha mengi kuliko mihadhara. Niliandika kwamba mtu "alionekana ana wasiwasi", profesa akaikata sentensi kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Ulimwona akifanya nini?"

Kasoro kubwa ilijitokeza katika kesi ya Terry dhidi ya Ohio ya 1968, inayomruhusu polisi kumsimamisha mtu na kumpapasa juu ya nguo kutafuta silaha akiwa na sababu ya msingi ya kumshuku. Karibu kipindi chote kiliishia katika sifa za McFadden, askari kanzu wa Cleveland mwenye uzoefu wa miongo kadhaa aliyemsimamisha Terry, na kile ambacho jicho lake liliona mbele ya dirisha la duka. Kijana mmoja mweusi alipouliza kuhusu anayepapaswa mara kwa mara bila kosa, alijibiwa kwa upole na kwa ufupi mno. Hapo uzoefu wa mwalimu uliziba swali badala ya kulifungua. Wiki ya nadharia za uhalifu na takwimu nayo ilipita kwa kusomewa slaidi.

Kwa Mswahili aliyepo huko anayefikiria kazi ya magereza, ulinzi au upolisi, naipendekeza kozi hii bila kusita. Anayelenga shahada ya sheria atahitaji kujisomea hukumu zenyewe kwa ukamilifu. Muhula wa kiangazi kozi hiyohiyo hushikwa na mwalimu mwingine, kwa hiyo ratiba ikaguliwe kabla ya kulipa.