Scubapro Mk5 na 109 ya zamani: inapumua freshi, ila muuzaji akuoneshe ndani kwanza

Wakuu, tangu nianze kuzama na hii regulata (kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi ukiwa chini ya maji) ya kromu hapa Nungwi kila boti lazima mtu aulize kama ni pambo au inafanya kazi, basi acha niandike mara moja niwe natuma linki. Inafanya kazi, tena kinoma. Festi steji, ile inayofungwa kwenye mtungi, ni Scubapro Mk5, sekondi steji, ile ya mdomoni, ni ile 109 ya chuma yenye nobu pembeni, nimeinunua yusd mtandaoni kwa jamaa wa Ulaya, dola 110 pamoja na kutumiwa, hozi ilikuja imepasukapasuka kama kisigino cha kiangazi hiyo nikaitupa siku hiyohiyo.

Scubapro yenyewe ilianza 1963 huko Marekani, Mk5 ikaingia sokoni 1970. Ni festi steji ya pistoni, imebalansiwa, yaani mtungi ukianza kuisha hewa haianzi kuwa nzito kama kwenye zile za bei chee. Hozi za presha ndogo, zinazopeleka hewa mdomoni, zinakaa kwenye kichwa kinachozunguka, kwahiyo ukigeuza shingo hozi haikuvuti mdomo, na vichwa vya baadae vimeongezewa tundu la tano pale mwisho, ukikuta hicho chukua.

Sasa tuje kwenye kinachowaliza watu. Kuna 109 halafu kuna mdogo wake 156 aliyekuja baadae, kwa nje ni pacha kabisa, mwili uleule wa brasi yenye kromu, nobu ileile, tofauti ni maandishi ya usoni tu, moja imeandikwa Adjustable nyingine Balanced Adjustable. Na kifuniko cha mbele kinatoka kirahisi, mtu akiwa na vifuniko viwili anauza anachotaka! Yangu ilitangazwa kama 156, bei ikapandishwa kidogo, mi nikamwambia muuzaji aninyooshee maneno, fungua nobu nitumie picha ya vilivyomo. Akatuma. Popeti (kivalvu kinachofungua na kufunga hewa) ya chuma, springi ngumu, hakuna kingine. Hiyo ni 109 hata ukiivalisha kanzu. Bei ikashuka bila kelele.

Kwa hiyo shikeni hili: 156 ya kweli ukitoa nobu unakuta springi laini, popeti ya plastiki yenye tundu katikati, na nyuma yake kikopo kidogo chenye oringi (pete ya mpira ya kuzibia). Hewa inapita kwenye lile tundu inaingia kikoponi na kuisukuma popeti kwa nyuma, ndio maana springi haihitaji kuwa ngumu. Kwenye 109 springi inapambana na presha yote peke yake, bado inapumua vizuri tu lakini ukitoka nayo ukaingia kwenye 156 utaisikia tofauti.

Uzuri ni kwamba popeti na kikopo cha G250, sekondi steji nyingine ya Scubapro, vinaingia ndani ya 109 bila kuchonga chochote, na spea za G250 zipo. Mi ndio nilichofanya, sasa hivi nina 109 usoni na 156 tumboni (nimeanza kuwa kama wale wauzaji). Popeti ya zamani na springi yake nimevifunga kwenye kijaluba na lebo, wakusanyaji wanataka vitu halisi na siku nikiuza vinaenda pamoja.

Festi steji ndio usiicheze. Pistoni ya Mk5 inaziba kwa ncha yake yenyewe, ule mdomo mwembamba mkali unakaa juu ya siti, kile kikalio cha plastiki, ukiwa na kidonda hata cha unywele hewa inapenya. Chukua lenzi, uzungushe taratibu kwenye mwanga. Mimi nilikuta ncha safi ila siti ina mfereji mzito, siti ni bei ndogo, pistoni ndio inauma. Baada ya kufunga weka geji ya presha ya kati (ile inayotoka festi steji kwenda sekondi steji), uache itulie, kama mshale unapanda polepole bila wewe kupumua basi haizibi, rudi ukafungue tena. Yangu imesimama 135 psi (kipimo cha presha). Presha hiyo inarekebishwa kwa kuongeza au kutoa vishimu, vipete vya kujazia, chini ya springi, kwahiyo unapofungua angalia vimedondokea wapi, ni vyembamba kama karatasi.

Halafu yoki, kile kibanio cha kufungia festi steji kwenye mtungi. Hizi za mwanzo zimetoka enzi za mitungi ya chuma ya 72 (futi za ujazo za hewa) iliyokuwa inajazwa 2250 psi, leo aluminiamu 80 zetu ni 3000. Yoki nyembamba ya zamani mi siiamini, nimebadilisha, na hapo sitaki ubishi.

Kuoshea, siki nyeupe nusu na maji nusu, dakika chache tu uku unachungulia, ukiisahau humo kromu inaanza kubanduka hasa pale palipokwishachubuka. Chumba cha springi kiko wazi kwa maji ya bahari, yangu ilitoa mchanga sijui wa bahari gani.

Mabaya yake? Ni nzito mdomoni, dive ya pili taya linajua. Duka moja huku walikataa kabisa kuigusa, wakasema hawana mtu wa vitu hivyo, kwahiyo kama hufungui mwenyewe na huna geji nunua tu mpya usijitese. Ila ile chuma ina raha moja, inapoa majini na mvuke wa pumzi unabaki matone ndani, koo halikauki kama kwenye plastiki.

Mkiona Mk7 kwa bei nzuri nishtueni, ile inayopiga honi hewa ikikaribia kuisha. Sina sababu yoyote ya maana, naitaka tu niwashtue wageni.