Liposomu tupu za kudunga: chupa nzuri, karatasi ya maelezo hovyo

Nilinunua liposomu, yaani vifuko vidogo mno vya mafuta, hizi zikiwa hazina dawa ndani, za nanomita 100, zenye koti la polietilini glaikoli (polima ya kuzikinga zisinaswe upesi mwilini), kwa ajili ya panya wa maabara. Zisizo na chaji sina neno nazo. Ukizichanganya na damu na kuchungulia kwa hadubini, chembe nyekundu zimetulia, kila moja kivyake. Chupa ya chaji chanya ni kizaazaa: chembe hushikana mafungu mafungu, na ukizidunga mshipani huweza kwenda kukwama mapafuni. Zenye chaji hasi nazo zina vituko. Kwa panya, protini za komplimenti (za kinga, zilizomo kwenye damu) huzinasisha kwenye chembe sahani, zile za kugandisha damu, na hesabu ya chembe hizo hushuka kwa muda.

Kinachoniudhi ni karatasi ya maelezo. Haisemi popote kwamba dozi ya pili, ikitolewa wiki moja baadaye, huweza kufagiliwa upesi na ini, maana ile ya kwanza imeshaamsha kingamwili dhidi ya koti lile lile. Nani atakisia hayo? Nguruwe hatajwi kabisa, na yeye ana makrofeji (seli za kinga zinazomeza chembe ngeni) kwenye mishipa ya mapafu, zinazomtaabisha hata kwa dozi ndogo.

Ufungashaji safi, zilifika baridi bila kuganda. Nyota tatu, ya nne wataipata wakiandika karatasi upya.