Kuzuia Tremolo Inayoelea: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Gitaa lenye tremolo inayoelea, yaani daraja la nyuzi linalosogezwa kwa mkono wa chuma ili kushusha au kupandisha sauti, hasa ya chapa ya Floyd Rose, hutegemea mizani kati ya mvuto wa nyuzi na mvuto wa springi zilizo mgongoni mwake, ndiyo maana uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo, zilizobaki hupanda sauti zote kwa pamoja. Mpiga solo wa bendi ya dansi au ya kanisani hapa Dar es Salaam, ambaye mkono wa tremolo huugusa kwa nadra, hana sababu ya kuuvumilia usumbufu huo.

Nafasi ya kwanza naipa kabari ya mbao ngumu. Kipande cha mninga kilichobaki katika karakana ya samani kule Keko kinatosha, na gharama kubwa ni ujira wa seremala wa kukikata na kukipiga msasa. Kabari ikae kati ya bloku ya chuma iliyo chini ya daraja na ukuta wa tundu ulio upande wa shingo ya gitaa. Hapo mkono bado utashusha sauti, lakini hautaweza kuipandisha, na uzi mnene utaweza kushushwa kutoka noti ya E hadi D bila kuyumbisha nyuzi nyingine. Anayetaka daraja lisisogee kabisa aongeze kabari ya pili upande wa mkia. Vipimo vichukuliwe nyuzi zikiwa zimetyuniwa na daraja likiwa sambamba na mwili wa gitaa. Mbao iwe imekauka vizuri, kwa sababu mbao mbichi hupungua unene ikikauka, na gundi haihitajiki hata kidogo. Mwisho, kaza skrubu mbili za bamba linaloshika springi, au ongeza springi, ili bloku iendelee kuegemea kabari hata unapovuta uzi kwa kidole.

Ya pili ni Tremol-No, kifaa kinachochukua nafasi ya bamba hilo na kukuwezesha, kwa kukaza au kulegeza skrubu za vidole, kuchagua daraja lielee, lishuke tu, au lifungwe kabisa. Ni kifaa chenye akili, ila kinamfaa yule anayebadili hali hizo mara kwa mara. Kwa wengine, nauli na ushuru wa kukiagiza nje ni hasara. Kabla ya kulipa, hakikisha aina unayochagua inalingana na bloku yako, na fundi akifunge kikiwa kimenyooka, la sivyo fimbo yake itakwaruza.

Kuongeza springi pekee, hadi zifike tano, naliweka la tatu. Kwenye gitaa la mtindo wa Stratocaster, ambalo bamba la daraja huweza kulala juu ya mbao, njia hii hupanda hadi nafasi ya kwanza. Lakini daraja lililozama ndani ya shimo litainamia nyuma tu.

Tremsetter, kifaa cha kampuni ya Hipshot, naiweka ya mwisho, si kwa ubaya wake, bali kwa kuwa kazi yake ni kurudisha daraja katikati, nalo huendelea kusogea pande zote mbili.