TAHADHARI: Mpambaji wa magari ya Idi, yule wa Mwembe Tayari, Mombasa

Jamani, siku nne nzima naona haya kuandika. Leo asubuhi nimetoka uani nikaliona tena lile boneti, nikasema basi, nichekwe mie, kuliko mwengine aliwe kama nilivyoliwa.

Gari langu mnalijua, na kwamba nimelipuliza rangi mpya mnajua pia, maana Ramadhani hii sikuwa na hadithi nyengine. Sirudii.

Ilikuwa hapo Mwembe Tayari, usiku wa kuamkia mfungo wa 29, baada ya tarawehe. Watu wamejaa, viatu vya watoto vimemwagwa chini, viazi karai vinakaangwa kando, honi hazinyamazi. Huyo mpambaji kasimama ukutani na kanzu nyeupe, safi, imepigwa pasi. Mbele yake magari mawili yamepambwa: mwezi na nyota juu ya boneti, tepe za kijani na dhahabu, Idi Mubarak kwenye milango, taa ndogondogo. Wanangu wakapiga kelele huko nyuma. Mie nikapiga breki.

Na nilimuuliza. Wallahi nilimuuliza, msije mkaniambia sikuuliza. Nikamwambia, "Kijana, rangi hii haijatimiza wiki mbili, gundi yako isije ikaniharibia." Akacheka. "Mama, hii si gundi, ni sumaku. Gundi naweka kwenye vioo tu." Akachukua mwezi mmoja akauweka juu ya boneti langu, ta! Ukashika. Akautoa, hakuna alama. Kisha akabandika stika kwenye kioo, akahesabu mpaka kumi, akaibandua taratibu kwa kucha kama anayemenya yai. Kioo safi. Akaniambia, "Papasa mwenyewe, mama." Nikapapasa! Mie, ambaye sinunui hata leso bila kuigeuza nyuma na mbele mara tatu, nikapapasa kioo nikaridhika na rangi.

Tena alikuwa anamwita shangazi yule mama wa viazi, na yule mama anaitika. Mtu mwenye shangazi hapo hapo utamdhania mwizi? (Baadaye yule mama ananiambia, "Mwanangu, hapa kila mtu ananiita shangazi.")

Bei 3,500. Nikamtumia 2,000 kwa M-Pesa, zilizobaki baada ya kazi, na kubandua ni bure siku ya Idi tatu. Akaniambia niwapeleke watoto wakanywe sharubati, yeye nusu saa anamaliza. Nikaenda. Nikamwachia gari, nikaenda kunywa sharubati!

Niliporudi lilikuwa limependeza, siwezi kusema uongo. Idi mosi tukazunguka Makadara, watu wanapiga picha. Idi pili tukalianika Mama Ngina, kule baharini, kutwa, jua la utosi. Idi tatu nampigia simu, imezimwa. Jioni imezimwa. Nikasema aa, si ni sumaku hizi, nitatoa mwenyewe.

Nikaushika mwezi nikavuta. Haukutoka. Nikavuta kwa nguvu, nikasikia mlio kama kitambaa kinachochanika, na mwezi ukaja na rangi yangu nyuma yake, kipande cha kiganja kizima, chini kijivu kitupu. Nyuma ya ule mwezi tepu nene ya povu, ile ya gundi pande mbili wanayobandikia vioo vya bafuni. Kila pambo, hivyo hivyo. Nadhani sumaku alikuwa nayo moja tu, ya kuonyeshea wajinga.

Halafu nikaongeza ujinga juu ya ujinga: kijana wa jirani akaja na thina kufuta gundi. Mlango ukalainika kama ubani motoni. Nazo tepe zilizokuwa zikipigapiga kila tukivuka Daraja la Nyali zilikuwa na waya pembeni. Mikwaruzo hiyo hata siisemi.

Fundi aliyepuliza rangi alinitazama kama mtoto. Anasema rangi ya kupulizwa hukauka juu, ndani bado mbichi, isibandikwe kitu mwezi mzima na zaidi, na jua ndilo linaloipika gundi ikashikana na rangi. Hata sumaku ya kweli uifute vumbi na chumvi kabla ya kuiweka, na haishiki bampa ya plastiki wala penye filla nene, ile ya kuzibia mabonde. Boneti na milango miwili, elfu 18. Pambo la 3,500!

Dalili zilikuwepo. Jina lililotokea kwenye M-Pesa lilikuwa la mwanamke, yeye akasema ni la dadake. Hana kibanda. Wenye yale magari mawili sikuwaona kabisa. Na hakutaka nisimame pale akifanya kazi, lakini hayo unayaona ukishalia.

Huyu akishikwa asipigwe, apelekwe sentro, kwa polisi. Ila kabla ya sentro abandikwe tepu yake mwenyewe, ndevu zote, aanikwe Mama Ngina tangu asubuhi mpaka alasiri, kisha nije mie kubandua. Bure, kama alivyoniahidi. Na ile kanzu aivue, anaitia aibu.

Kama na wewe alikupambia usiku ule na hujabandua, usiguse! Usivute, usitie thina wala petroli. Weka gari kivulini, pasha moto wa wastani kwa mashine ya kukaushia nywele, pitisha mshipi wa kuvulia samaki nyuma ya pambo ukate lile povu kidogo kidogo, la sivyo peleka kwa fundi wako. Na mwenye picha ya usiku ule inayomwonyesha uso, anitumie leo hii.