Kioo cha kukuzia cha shilingi 6,000: miezi mitatu na wanangu ufukweni

Nilikinunua kwa hasira. Kitindamimba wangu, miaka 4, alikuwa amelia robo saa nzima kisa simu yangu imeisha chaji, nami nikaingia duka la vifaa vya shule mjini kutafuta daftari. Vioo vya kukuzia vilikuwa vimening'inizwa juu ya kaunta. Shilingi 6,000. Mpini mweusi wa plastiki, kioo kipana kama mfuniko wa chupa ya chai, jina la kiwanda hakuna. Kwenye boksi wameandika kinakuza mara 10.

Hakikuzi mara 10. Usiku ule nilikiweka juu ya daftari la hesabu, lile la miraba, nikalinganisha: mraba mmoja ndani ya kioo ulikuwa na upana wa miraba miwili na nusu ya nje. Nikajua nimepigwa. Asubuhi nusura nikirudishe, ila watoto walikuwa wameshakibatiza jina, wanakiita Jicho, na walikuwa wamelala kifudifudi uani wakikagua ufa wa ukuta.

Tunakaa Nyegezi, hapa Mwanza. Jumamosi asubuhi, kabla jua halijachachamaa, tunateremka Ziwa Victoria upande wa Luchelele tukiwa na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) kwenye mfuko na chupa ya maji ya kunywa. Masharti ni mawili. Simu yangu inabaki ndani ya mkoba. Na hakuna kutia mguu majini. Hilo la pili sina mzaha nalo: ziwa hili lina kichocho, na vimelea vyake vikishatoka kwa konokono wa majini hupenya ngozi, mara nyingi bila mtu kuhisi chochote. Tunavaa gambuti, tunakagua vilivyoko nchi kavu, tukirudi tunanawa kwa sabuni.

Nchi kavu kuna mambo. Wavuvi hulivuta gugu maji na kulirundika mchangani ili mitumbwi ipate njia, na kwa wanangu rundo lile lilikuwa takataka tu. Nikachomoa moja lililoanza kunyauka, nikapasua shina la jani pale lilipovimba mithili ya kitunguu, nikawapa Jicho. Ndani ni vyumba vyumba, kama sifongo, hewa tupu. "Kumbe lina boya lake!" kifungua mimba akasema. Ana miaka 7, na babu mmoja anayeshona nyavu pale ndiye aliyemfundisha kazi ya boya.

Kisha wakaona vidoa. Majani yalikuwa na vidonda vidogo vilivyofifia rangi, kama mtu kayaparua kwa ukucha. Nikawaambia hayo ni meno ya mdudu, ndugu yake fukusi wa mahindi. Gugu lenyewe asili yake Amerika Kusini, na huku kwetu halikuwa na wa kulitafuna, ndiyo maana miaka ya 1990 wataalamu walimleta fukusi wake, mwenye asili ya hukohuko, wakamwachia ziwani. Hajalimaliza gugu, lakini hulidhoofisha. Mwenyewe tulimkamata safari ya tatu, maana mchana hujibanza katikati ya majani machanga: hafikii hata nusu sentimita, rangi ya udongo, mdomo umerefuka na kupinda kama mkonga. Watoto wote wawili walishusha sauti, kama wako msikitini. Kitindamimba akataka tumrudishe palepale alipokuwa, kwenye jani lilelile, na jani lilelile lilituchukua muda kulipata.

Nisiwadanganye kwamba yote yalikuwa hivyo. Wiki ya pili kifungua mimba aligundua jua. Alikusanya mwanga juu ya jani kavu la mwembe, jani likafuka moshi, akafurahi, akahamia kwa sisimizi. Nilisikia kicheko chake kutoka jikoni, kicheko ambacho mzazi anakijua. Nikamnyang'anya Jicho na kulificha juu ya kabati siku tatu. (Wanaouza vioo hivi wangeandika jambo hilo kwenye boksi badala ya ile mara 10. Na mtoto aambiwe siku ya kwanza kabisa: hakuna kulitazama jua kupitia kioo, hata mara moja.) Siku ya nne nililirudisha kwa sharti. Nikaweka punje za andazi chini, nikamwambia achague sisimizi mmoja tu, amfuate na kioo mpaka afike kwake, akimpoteza aanze upya. Alimpoteza mara mbili. Yule wa tatu alimchukulia dakika 20 na ushee, kutoka kwenye ndoo hadi nyuma ya choo, akaja kuniambia kwamba wakikutana njiani wanagusana papasi, zile nyuzi za kichwani, "wanasalimiana, mama, hata wakiwa na mzigo." Usiku akaniuliza kama yule aliyemchoma alikuwa anasubiriwa nyumbani. Nikamwambia alale.

Sisimizi hajachomwa tena, angalau mimi nikiwepo.

Kwa viumbe wanaokimbia, kioo hakisaidii. Yule mjusi wetu wa mawe, dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, ambaye wataalamu wamempa jina la mji huu, Agama mwanzae, hakungoji umfikie. Tulipokwenda Saanane, kisiwa kidogo ambacho mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, kioo kilishinda kwenye mfuko. Unapanda boti pale Capri Point na baada ya muda mfupi umefika. Ila niliona kitu: watoto walikaa juu ya jiwe kimya wakimngoja pimbi atoke, wakati mwaka jana wangekuwa wanarusha kokoto. Nikawaambia pimbi ana undugu na tembo. Kitindamimba amekataa mpaka leo.

Jambo lililonishangaza zaidi lilitoka kwenye kiota. Wale ndege wa njano wanaosuka viota kwenye matete walidondosha kimoja, kitupu, tukakipeleka chini ya Jicho. Kila unyasi umepitishwa chini ya mwingine na kuvutwa, mafundo kabisa. Katikati ya nyasi kulikuwa na nyuzi za kiroba na kipande cha uzi wa buluu wa nyavu. Kifungua mimba akauliza: mguu wa kifaranga ukinasa humo, anautoaje? Tangu siku hiyo anaokota nyuzi za nyavu ufukweni na kuzitia kwenye chupa tupu. Hakuna aliyemtuma. Yule babu sasa humwekea vipande vyake kando, na mtoto akifika baada ya shikamoo anadai mzigo.

Sasa ubovu wa bidhaa yenyewe. Mpini ulipasuka wiki ya tatu, nimeuzungushia selotepu. Kioo ni cha plastiki na mchanga umekikwaruza; kifutwe kwa kitambaa kilicholowa, msitumie shati kama sisi. Nilijaribu pia kile kidogo cha kukunja wanachotumia masonara, nacho kweli kinakuza sana, lakini kinataka ukibandike jichoni na kitu kiwe karibu na pua. Kifungua mimba anakimudu kidogo, mdogo wake hawezi kabisa, anaona ukungu tu. Hapo ndipo nilipoacha kulalamika kuhusu mara mbili na nusu: kwa mkono wa miaka 4 unaotetemeka, kioo kipana chenye nguvu ndogo ndicho kinachoonyesha kitu.

Je, kimemaliza vita vya simu? Hapana. Jumapili jioni bado wanataka katuni, na ninawapa, nami napumzika. Jumamosi lakini hawaiulizi, na hilo kwa 6,000 siwezi kulilalamikia.

Nakipa nyota nne. Wiki hii nimenunua cha pili; cha kwanza bado kinafanya kazi, ila wanagombania Jicho njia nzima ya kuteremka ziwani. Dukani sasa kimefika 7,000, na boksi bado linasema mara 10.