Miezi minane na hedifoni za DT 770 Pro: gitaa la usiku katika joto la Kisumu

Gitaa langu huamka watoto wakishalala. Tunaishi Migosi, ghorofa ya pili, kwenye nyumba ambazo jirani akikohoa unamwambia pole kupitia ukutani. Mama wa mlango wa pili ni muuguzi, hutoka kwenda zamu kabla jua halijachomoza, na usingizi wake nauheshimu. Kwa hiyo mazoezi yangu yote ya gitaa la umeme, kuanzia saa nne usiku hadi karibu saa sita, hufanyika ndani ya hedifoni. Kabla sijatulia na hizi nilizo nazo nilipitia jozi mbili zilizonishinda. Mwalimu mwenzangu amenunua gitaa juzi, akaniuliza achukue hedifoni gani, nikajikuta nimemjibu mpaka kengele ya kipindi ikalia. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na yale ambayo kengele ilinikatiza.

Jozi ya kwanza niliinunua mjini, upande wa Oginga Odinga Street, kwa shilingi 1,800. Zilikuwa za Bluetooth. "Bosi, hizi zina besi ya kutikisa," muuzaji aliniambia, na hakudanganya. Kwa taarifa ya habari na kwa nyimbo nikifua nguo, zilinifaa kabisa. Nilikwama nilipotaka kupigia gitaa. Nililichomeka kwenye simu kwa kile kikebe cha kuunganishia, nikafungua programu ya amplifaya, nikapiga uzi. Kimya. Halafu sauti ikafika, kama mgeni aliyekosa gari la kwanza.

Nilidhani zimeharibika. Kumbe ndivyo Bluetooth ya kawaida inavyofanya kazi: sauti inafungashwa upande wa simu, inarushwa, inafunguliwa tena upande wa hedifoni, na safari hiyo huweza kuchukua milisekunde 100 hadi 200, pengine zaidi. Ukitazama video huoni shida, kwa sababu simu huichelewesha picha ili iende sawa na sauti. Mkono wako hauwezi kucheleweshwa. Hewani sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ucheleweshaji wa milisekunde 200 ni sawa na kupiga gitaa huku amplifaya yako imewekwa karibu mita 70 mbele yako. Simama kwenye lango moja la uwanja wa mpira, uweke spika kule ng'ambo ya mstari wa kati, kisha ujaribu kupiga benga, muziki wetu wa gitaa wa Kijaluo. Mkono utapotea. Kwa gitaa, basi, chukua hedifoni za waya. Zipo za bila waya zilizotengenezwa makusudi kwa wapiga gitaa, zenye mitambo yao ya kurusha sauti haraka, lakini hizo ni habari nyingine na bei nyingine.

Jozi ya pili ilikuwa ya waya, ya aina ile ya studio, na ngozi bandia masikioni. Sauti yake sikuwa na neno nayo. Lakini mimi navaa miwani, na zile hedifoni zilibana kama koleo. Baada ya dakika ishirini miguu ya miwani ilikuwa imezama nyuma ya masikio, baada ya arobaini kichwa kilikuwa kinagonga. Halafu kuna joto letu. Kisumu iko ziwani, kwenye mita 1,130 hivi juu ya bahari, na usiku wa Februari hewa husimama ndani ya nyumba kama maji ya mtungi. Ngozi bandia haipumui. Jasho lilikusanyika chini yake, nikawa najifuta masikio kwa leso kati ya wimbo na wimbo. Mwezi wa sita ile ngozi ilianza kubanduka vipande vyeusi, na mke wangu akawa anavitoa kwenye mito ya kitanda.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kujifunza kwa mzee mmoja wa Kondele aliyepiga gitaa la solo kwenye bendi za benga ujana wake. Nilimwambia kwamba siku hizi nafanya mazoezi robo saa tu, kisha naacha. Aliniuliza ninaumwa wapi. Nikasema, "Masikio, Jaduong'," yaani mzee kwa Kijaluo. Akatikisa kichwa. "Wuoda, mwanangu, hapo unapigana na kofia. Gitaa hujaligusa bado." Alikuwa sawa. Nilikuwa nachagua hedifoni kwa kuzisikiliza dakika mbili dukani nikiwa nimesimama, wakati kazi yake ni kukaa kichwani saa mbili nikiwa nimeinamia nyuzi.

Hizi za sasa, Beyerdynamic DT 770 Pro za omu 80, nilizijua kwa rafiki mwenye studio ndogo ya kurekodia. Aliniazima jozi mbili kwa wikendi nzima: hizo, na nyingine ambazo nyuma ya vikombe ziko wazi. Za wazi zilikuwa tamu ajabu. Sauti ilitanuka, gitaa likawa kama liko pale mezani na si katikati ya fuvu, na masikio yalipata hewa. Kwa mtu anayeishi peke yake kwenye nyumba yake, ningemwambia aanze huko. Lakini za wazi huachia sauti itoke na huingiza ya nje. Mke wangu, aliyekuwa kitandani hatua nne kutoka kwangu, asubuhi aliniimbia kipande nilichokuwa nakirudia. Na mimi kwa upande wangu nilikuwa nasikia boda zote za barabarani. Nikarudi kwenye zile zilizofungwa.

Nilichokipenda kwenye DT 770 ni kitu ambacho nisingekiona kwenye picha: pedi zake ni za kitambaa laini kama mahameli. Ni kubwa, zinalizunguka sikio lote bila kuligusa, na kitambaa kinaachia mvuke wa jasho utoke. Masikio bado yanapata joto, nisidanganye mtu, hedifoni iliyofungwa itakupasha tu, lakini ni joto kavu unaloweza kukaa nalo. Miguu ya miwani inajizamisha kwenye kitambaa badala ya kusukumwa kwenye mfupa. Uzito ni gramu 270 bila waya, na upinde wa juu una pedi nene, kwa hiyo utosi haulalamiki. Siku ya kwanza nilivaa saa moja na dakika kumi nikiwa nasahihisha madaftari, bila hata kupiga gitaa, kusudi nione kama nitazikumbuka. Nilizisahau. Siku ya pili nikampigia rafiki kumwuliza kama angeniuzia. Zilikuwa zimetumika tayari, tukapatana shilingi 15,000, nikalipa kwa awamu mbili.

Kuhusu hizo omu, kwa sababu ndiyo sehemu inayochanganya watu. Ni kipimo cha ukinzani, na modeli hii hutengenezwa kwa omu 32, 80 na 250. Kwa lugha ya nyumbani: namba ikiwa kubwa, kwa kawaida kifaa kinachozisukuma lazima kiwe na nguvu zaidi, hasa volti. Za 250 ukizichomeka kwenye simu zitakunong'oneza tu. Za 80 kwenye simu yangu zinatosha chumbani, ingawa karibu nafika mwisho wa sauti kwa nyimbo zilizorekodiwa zamani. Mtu ambaye hana chochote ila simu achukue za 32. Mimi nina Vox amPlug, kile kikopo kinachochomekwa moja kwa moja kwenye gitaa, na kinaziendesha hizi za 80 bila jasho. Halafu kinatumia betri mbili ndogo za AAA, jambo ambalo kwa Migosi lina maana: stima ikikatika usiku, mtaa mzima unatulia, mimi naendelea kupiga gizani. Zile ndizo saa zangu bora za mazoezi, kusema kweli.

Usije ukachukua adapta ukachomeka hedifoni moja kwa moja kwenye gitaa. Mawimbi ya pikapu, zile sumaku zilizo chini ya nyuzi, ni dhaifu mno, hutasikia kitu cha maana. Lazima kuwe na amplifaya katikati, hata kama ni ndogo kama kiberiti. Angalia pia adapta yenyewe. Ile ya mono itakupa sauti sikio moja, nawe utadhani waya umekatika. Hizi huja na adapta yao ya kuzungusha, ndogo ya milimita 3.5 na kubwa ya 6.35, ya stereo, nami nimeiwekea alama ya rangi isichanganyike na nyingine.

Sasa gitaa lenyewe. Benga huishi kwenye nyuzi nyembamba. Wakongwe walihamisha mdundo wa nyatiti, chombo cha nyuzi nane, wakauweka kwenye gitaa, ndiyo maana solo ya benga hukimbia kwa noti fupifupi, kila moja imesimama peke yake. Kwenye spika ya kawaida noti mbili zikigongana hujui. Humu ndani najua. Nasikia kidole cha pete kikichelewa kutoka kwenye freti, vile vyuma vya shingoni mwa gitaa, nasikia piki, kile kijiplastiki cha kupigia, ikikwaruza uzi wa pili. Nilipojaribu omutibo, ule mtindo wa Uluhyani ambao kidole gumba kinabeba besi na cha shahada kinacheza wimbo, ndipo nilipogundua kuwa gumba langu huongeza mwendo kila wimbo unapopanda. Nimepiga gitaa miaka, sikuwahi kulisikia gumba likifanya hivyo.

Masafa ya juu ya hizi hedifoni, yaani sauti nyembamba, yameinuliwa kidogo, na besi vilevile. Kwa gitaa safi la benga naliona hilo ni faida, noti zinang'aa. Ukiweka distoshani, ile sauti ya kukwaruza ya roki, punguza. Hapo pia ujue kwamba spika ya amplifaya ya gitaa huanza kuzima sauti za juu kwenye kilohezi 5 hivi, ilhali hedifoni hupanda hadi 20. Kwa hiyo distoshani ikiingia masikioni bila kuchujwa hulia kama nyuki kwenye kopo la bati, na si kosa la hedifoni. Programu nyingi za amplifaya zina sehemu ya kuiga kabati la spika. Iwashe kwanza, ndipo uhukumu.

Kwa matumizi ya kila siku nazipa alama nzuri ndani ya nyumba, na sizitoi nje ya mlango. Nasahihisha nazo mitihani, nasikiliza rumba Jumapili mchana, na mtoto wangu mkubwa ameanza kuziazima kwa masomo. Waya una mita tatu na hauchomoki kwenye kikombe. Mezani ni raha, unaweza kusimama na gitaa ukazunguka kiti. Jikoni ni hatari, nimeshauona ukijinyonga kwenye mpini wa sufuria, tangu siku hiyo naufunga kwa kamba ya kiatu. Kwenye matatu ya kwenda Kakamega natumia vile vidude vidogo vya kuingiza sikioni, sikio moja tu, lingine libaki kusikia kondakta. Na kwenye boda sivai chochote, wala wanangu hawatavaa.

Kitu kimoja nakisisitiza kwa sababu nina wanafunzi wanaopiga kelele wakiongea, na wengine najua sababu. Shirika la Afya Duniani linatoa mwongozo wa desibeli 80 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki. Ukipanda hadi desibeli 90, zinabaki saa nne tu kwa wiki nzima. Mimi napiga karibu saa kumi kwa wiki, kwa hiyo hesabu yangu ni rahisi: desibeli 90 hazinifai. Za kufungwa zinasaidia hapo: kelele ya nje ikizuiwa huna haja ya kushindana nayo. Nimeweka alama ya kalamu kwenye kitufe cha sauti cha amPlug, na usiku sivuki alama hiyo, hata solo ikinoga. Masikio yakilia ngiii baada ya mazoezi, ilikuwa juu mno, punguza kesho.

Miezi minane sasa. Kitambaa kimelala kidogo upande wa kushoto, ninakoegemeza kichwa, na kimebeba vumbi la Migosi ambalo nalitoa kwa brashi ya nguo kila Jumamosi. Pedi hizi hutoka kwa mkono na mpya huuzwa zenyewe, kwa hiyo nimeshamwambia rafiki wa studio aniagizie jozi akiagiza zake. Mwenzangu wa kazini nimemwalika Ijumaa, aje na gitaa lake na miwani yake, akae nazo kichwani tangu chai mpaka chakula cha jioni.