Matandazo ya Kuzuia Magugu Bustanini: Kipi cha Kununua Kwanza, Kipi cha Kuacha Dukani

Kabla hujauliza bei ya matandazo yoyote, yaani vitu vya kufunika udongo, chimba koleo moja katikati ya tuta uone kilichomo. Ukikuta vitunguu vidogo vyeusi vilivyoungana kwa nyuzi, hiyo ni ndago. Ukikuta mizizi mirefu myeupe yenye vifundo inayotambaa chini ya udongo, hiyo ni sangari. Usipoona vyote viwili, shida yako ni magugu ya mbegu kama kishonanguo na mchicha pori, na hayo yanakufa chini ya kitu chochote kinachoziba mwanga sawasawa.

Ndago haitaki mzaha. Ncha yake ni kali na inatoboa nailoni nyembamba kama sindano. Maboksi yanaichelewesha tu. Kwa ndago na sangari, fedha ya kwanza iende kwenye vibarua wa kuchimba kwa jembe la meno, udongo ukiwa na unyevu kidogo, na mizizi iokotwe kwa mkono. Jembe la kawaida linakatakata sangari, na kila kipande chenye kifundo kinaota upya. Baada ya hapo ndipo uende kununua.

Nafasi ya kwanza: maboksi chini, maranda au pumba za mpunga juu

Kwa bustani ya nyumbani yenye sukuma wiki, kabichi, figiri na vitunguu, kuanzia Uyole hadi Mafinga, huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, hatuoni cha kushinda mchanganyiko huu. Maboksi yanaua magugu yaliyopo kwa kuyanyima mwanga, na tabaka la juu linazuia mbegu mpya zinazoletwa na upepo. Yote yanaoza na kuwa udongo, kwa hiyo hakuna cha kung'oa mwisho wa msimu.

Maboksi tafuta kwenye maduka ya jumla, Mwanjelwa kwa walio Mbeya, Mashine Tatu kwa walio Iringa. Chukua ya kahawia yasiyong'aa. Yanayong'aa yana tabaka la plastiki na hayaozi. Bandua gundi ya utepe na pini zote. Yapange yakilaliana sentimita 15 hadi 20, maana magugu hupenyea kwenye maungio, kisha yamwagie maji mpaka yalegee na kushika udongo. Boksi kavu linamwaga maji ya mvua pembeni na tuta linabaki kavu chini yake.

Kiasi cha kuweka juu: tuta la mita 1 kwa mita 10 likifunikwa kwa unene wa sentimita 7 linahitaji lita 700, yaani ndoo 35 za lita 20. Kwa sentimita 5 ni ndoo 25. Muuzaji anauza kwa gunia, na magunia hayafanani, kwa hiyo mwaga gunia moja kwenye ndoo uhesabu kabla ya kupakia kirikuu (gari dogo la mizigo) kizima.

Maranda ya Mafinga ni mengi kwa sababu ya viwanda vya mbao vinavyozunguka shamba la miti la Sao Hill. Omba maranda yenyewe, yale yanayotoka kwenye mashine ya randa, yaliyojikunja, si unga wa msumeno. Uliza pia kama mbao zilitiwa dawa ya wadudu. Zenye rangi ya kijani isiyo ya kawaida usizikaribishe kwenye mboga. Ya mkaratusi mabichi yaache nje yanyeshewe miezi kadhaa kwanza, yana kemikali zinazodumaza miche.

Pumba za mpunga zinatoka Mbarali. Unayoitaka ni ile ngumu, ganda lenyewe, ambalo mashineni mara nyingi hurundikwa nje na kuchomwa. Ile laini ni chakula cha mifugo: ni ghali, na ikilowa inaganda na kuoza kwa harufu. Ganda linakaa muda mrefu bila kuoza kwa sababu ya silika yake, madini magumu kama ya mchanga. Ubaya wake ni upepo. Makambako na Iringa utazikuta kwa jirani, hivyo zimwagie maji mara tu ukimaliza kutandaza.

Kosa linaloharibu zaidi ni kuchanganya maranda na udongo. Vijidudu vinavyoyaozesha hunyonya naitrojeni, chakula cha mimea kilichomo udongoni, na mboga zinageuka njano kuanzia majani ya chini. Yabaki juu tu. Kabla ya kutandaza, weka samadi iliyoiva ndoo 2 au 3 kwa tuta la mita 1 kwa mita 10, au urea gramu 100, umwagie maji. Acha nafasi ya sentimita 5 kuzunguka kila shina; kwa parachichi acha hata 15, maana shina linalofukiwa na unyevu linaoza gome.

Nafasi ya pili: nailoni ya fedha na nyeusi

Inapanda hadi ya kwanza kama unalima nyanya, hoho au stroberi za kuuza na una mipira ya matone, ile ya kumwagilia tone kwa tone. Bila matone, iache. Mvua haipenyi, na kumwagilia kwa ndoo kupitia matundu ni adhabu.

Upande wa fedha unatazama juu: unarudisha mwanga na kuwasumbua wadudu kama vidukari na thiripsi. Mweusi unatazama chini na ndio unaoua magugu. Nailoni nyeusi pande zote hupasha udongo joto, jambo linalofaa Njombe na Makete kwenye baridi kuliko bonde la Usangu.

Rola la kawaida ni upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 400. Hapa wengi wanapunjwa, kwa sababu unene hauonekani kwa macho. Lipime kwenye mizani. La unene wa maikroni 25 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) linapaswa kuwa na takriban kilo 11, la maikroni 30 kilo 13, bila kuhesabu bomba la katikati. Likija na kilo 8, ama ni jembamba, karibu maikroni 18, ama ni fupi.

Ukifukia sentimita 15 kila upande, zinabaki 90 za kufunika, zinazotosha tuta lenye kimo cha sentimita 15 na upana wa 60 juu. Kwa matuta ya mita 10, ukiacha nusu mita kila ncha, rola linatoa matuta 36. Laza mpira wa matone kwanza na samadi yote iwe imeingia, kwani baadaye hakuna pa kuweka mbolea isipokuwa kwenye matundu au kupitia maji. Tandika jua likiwa limewaka, ivutike vizuri na kugusa udongo. Ikiacha mfuko wa hewa, joto linatokea kwenye tundu na kubabua mche. Matundu toboa kwa kopo la nyanya lililopashwa kwenye mkaa. Yanatoka mviringo na hayachaniki. Baada ya mavuno ing'oe yote. Vipande vikilimiwa ndani vinabaki.

Ya tatu: nyasi kavu, mabua, majani ya migomba

Rungwe majani ya migomba ni bure, na nyasi ni za kukata tu. Zikate kabla hazijatoa mbegu, la sivyo unapanda magugu kwa mikono yako. Unene uwe sentimita 10, kwani zinalala na kubaki nusu. Mabua yapasue, usiyaweke mazima. Funza wa mabua hujificha ndani. Tukuyu kwenye mvua nyingi konokono na sota (viwavi wanaokata miche) hukaa chini yake, kwa hiyo subiri miche ikomae kidogo. Na kwa walio sehemu za jalidi, baridi ya kugandisha umande, Juni na Julai sogeza matandazo mbali na nyanya na viazi: yanazuia joto la udongo lisipande usiku na majani yanaungua zaidi.

Kitambaa cha kufuma

Hiki, cha nyuzi za plastiki, ni cha njia kati ya matuta na chini ya miparachichi, si cha tuta la mboga linalolimwa kila msimu. Chukua cha gramu 100 kwa mita ya mraba, kilichotengenezwa kuhimili jua. Kipande cha mita 1 kwa 10 kipime kilo 1. Kata kwa kisu cha moto kisifumuke, na kishike kwa pini za waya za sentimita 20 kila nusu mita ukingoni. Kinazuia hata ndago nyingi. Kifagie, kwani vumbi likikaa juu magugu huota juu yake.

Vya kuacha

Unga wa msumeno unaganda na kumwaga maji; ukinuka kama siki ni kwamba umechacha kwenye rundo na unaua miche. Kokoto ni za maua na mlangoni. Viroba vya zamani vinafumuka juani ndani ya miezi na nyuzi zake zinasokotana na jembe. Nailoni inayopitisha mwanga, kwa baridi yetu, haiui kitu: magugu yanaota chini yake kwa joto zuri kuliko ya nje.